Boti Katika Mji Usio na Mto

Kaimu hakuwa na gari. Hakuwa na kiti chenye mgongo, wala droo yenye ufunguo, wala kibao cha jina mlangoni. Hakuwa na mjomba wizarani. Hakuwa na kile kikohozi cha wakubwa, cha kukohoa mara moja mkutano mzima ukanyamaza. Hakuwa na suti ya kubadilisha. Na zaidi ya yote hakuwa na karatasi moja ambayo mkewe aliiulizia kila mwisho wa mwezi kama mtu anayeulizia hali ya mgonjwa: barua ya kumthibitisha kuwa Mkuu wa Kitengo cha Ununuzi cha manispaa.

Alikuwa ameikaimu nafasi hiyo kwa muda mrefu mno, hata jina alilopewa na wazazi likabaki kwa mama yake tu na kwenye kadi ya kliniki. Wengine wote, hadi muuza magazeti wa kona, walimwita Kaimu.

Alichokuwa nacho asubuhi ile ya Ijumaa ni boti.

Wasomaji mnakumbuka tulipoachana. Geti la manispaa lilifunguliwa, lori refu likaingia kinyumenyume, turubai likavutwa, na watumishi wote waliokuwa madirishani wakaiona: boti ya uokoaji, nyekundu, mpya kabisa, yenye injini mbili na maboya ubavuni, katika mji usio na bahari, usio na ziwa, usio na mto, na ambao mabomba yake yakifunguliwa hutoa upepo. Mlango wa lori ukafunguka. Mguu ukashuka. Kaimu aliutambua mguu ule kabla ya kuuona uso, akashika nguzo.

Aliyetukosa wiki iliyopita asiumize kichwa, habari yenyewe ni fupi.

Jumatatu iliyokuwa inakuja, sheria mpya ya ununuzi wa umma ingeanza kazi. Sheria hiyo ilitaka mambo ya ajabu. Ilitaka zabuni zitangazwe kwenye mfumo wa kompyuta, kila mtu aone. Ilitaka ofisa aseme wazi kama mfanyabiashara anayeomba kazi ni ndugu yake. Tena ilitaka anayekosa zabuni aandikiwe barua ya kumweleza kwa nini amekosa. Wakuu wa idara waliposomewa kifungu hicho cha mwisho waliomba kirudiwe, wakidhani msomaji ameruka mstari.

Basi wakajiandaa. Njia ya kwanza ya kujiandaa ilikuwa kununua kila kitu kabla sheria haijaamka. Zilinunuliwa fagio za kuwatosha mpaka wajukuu wa wafagiaji. Viti vilipandana kwenye korido, karatasi za chooni zikafika darini, na mtu akitaka kwenda kwa mhasibu ilimbidi apite kiubavuubavu kama kaa. Mkurugenzi wa manispaa aliiita hali hiyo utayari.

Njia ya pili ilikuwa semina, kwa kuwa hakuna jambo linaloingia ofisini bila semina, na hakuna semina bila posho. Siku ya mwisho mkufunzi alitaka kitengo kifanye zoezi: watangaze zabuni ya uongo kwenye mfumo mpya, katika sehemu yake ya mazoezi, waone inavyokwenda. Akawaonya wachague kitu ambacho manispaa haiwezi kukihitaji hata kwa ndoto, asije mfanyabiashara akadanganyika. Wakabishana mchana kutwa. Kila kitu walichokitaja, kulikuwa na mkuu wa idara aliyekihitaji. Mwishowe Mkuu wa Zimamoto akasema kwa utani, basi tangazeni boti. Wakacheka mpaka soda zikamwagika, na hoja ikapita.

Kosa lililofuata haliwezi kufanywa na mtu mvivu. Mvivu angeliacha zoezi njiani akaenda kusaini posho. Kaimu alilifanya kwa moyo wake wote. Aliandika urefu wa boti, nguvu ya injini, rangi, idadi ya maboya. Akabonyeza kutangaza. Ila mfumo ulikuwa na milango miwili iliyofanana kama mapacha, mmoja wa mazoezi na mmoja wa soko lenyewe, naye akapita ule wa soko.

Likaja ombi moja tu, la Kampuni ya Mvumilivu. Kaimu akadhani mkufunzi ndiye amelibuni, akalisifia jina, akalipatia alama zote, akabonyeza kitufe cha mshindi. Kisha akaenda nyumbani kwa amani.

Na sasa Kampuni ya Mvumilivu ilikuwa imeshuka kwenye lori, imefunga kilemba cha kijani, na ilikuwa ikimtazama.

Ilikuwa ni mama mkwe wake.

"Shikamoo, mama," akasema Kaimu, macho chini.

"Marahaba, baba. Mzigo wenu huu. Nani anapokea?"

Mama Mkwe alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi upande wa pili wa mji, na kwa kawaida walikutana kwenye sherehe na misiba, ambako mkwe hutazama viatu vyake na mambo yakaisha salama. Hapa palikuwa na boti kati yao. Akauliza kwa adabu zote, hii kampuni ni ya nani. Mama Mkwe akajibu kuwa ni yake, na kwamba aliiandikisha baada ya semina ya wanawake wafanyabiashara, ile ambayo Kaimu mwenyewe aliifungua kwa hotuba akiwahimiza kina mama wasiogope mfumo mpya.

"Ulisema tusiogope," akasema. "Sikuogopa."

Mnaweza kuuliza, na wale wafanyabiashara wakubwa wa mji, waliozoea kuiuzia manispaa kila kitu, walikuwa wapi? Walikuwa makwao wanasubiri simu. Hawakuwahi kupata zabuni kwa kusoma tangazo, wakaona hakuna sababu ya kuanza uzeeni.

Kabla Kaimu hajafungua mdomo tena, mlinzi alikuja akamnong'oneza kuwa anaitwa juu.

Alipanda ngazi akiwa amekwishajifukuza kazi mwenyewe. Alikuwa ameshapanga sanduku, ameshawahamisha watoto shule, ameshamweleza mkewe na mkewe ameshalia. Akabisha hodi.

Mkurugenzi alikuwa anacheka.

Alikuwa amesimama dirishani, mikono nyuma, tumbo limegusa kioo, anaitazama boti kama mtu anayemtazama mtoto wake wa kwanza. Akamwambia Kaimu akae. Akamwagizia chai. Kaimu, ambaye hakuwahi kuagiziwa chochote katika chumba kile zaidi ya maelezo ya maandishi, akakalia ukingo wa kiti.

"Kaimu, kijana wangu," akasema Mkurugenzi. "Wewe unadhani umekosea. Hujakosea. Umetangulia."

Akamfungulia akili taratibu. Sheria ya zamani ilikuwa na siku zilizobaki za kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Ndani yake kulikuwa na kifungu kitamu cha dharura: jambo likiwa la dharura, manispaa inanunua bila tangazo, bila ushindani, kwa bei itakayopatikana. Boti iko tayari uwanjani. Inunuliwe leo kwa dharura, kwa bei ambayo, alisema, itabidi ikue kidogo, kwa sababu bei ya yule mama ilikuwa ya aibu, ya kuuziana jirani. Hicho kitakachoongezeka kitajua pa kwenda.

Mwanasheria wa manispaa akaitwa. Aliingia anatafuna karanga. Akakubali kuwa kifungu kipo, ila akataja kasoro ndogo: dharura inahitaji dharura. Boti ya uokoaji ni lazima iokoe mtu kutoka katika maji.

Ndipo wakuu wa idara walipokutanishwa kutafuta mafuriko.

Mkuu wa Zimamoto aliulizwa mafuriko ya mwisho yalikuwa lini. Alifikiri sana, akasema anayoyakumbuka yeye ni ndoo ya mfagizi ilipopinduka kwenye ngazi. Mhandisi wa maji aliombwa afungulie bomba kuu kwa muda kidogo, pale sokoni, wapige picha. Alisema angefurahi mno kusaidia, lakini yeye mwenyewe hajaoga tangu Jumatano. Afisa habari akapendekeza wapige picha mtaro baada ya gari la maji taka kumwaga. Wakaulizana nani atasimama ndani ya mtaro akisubiri kuokolewa, na hapo mzalendo hakupatikana.

Mwanasheria akamaliza karanga zake, akapangusa mikono, akawaokoa wote. Dharura, akasema, si lazima iwe imetokea. Inaweza kuwa ya kutarajiwa. Nani kati yetu anayeweza kuapa kwamba mto hautapita hapa siku za usoni?

Hakuna aliyeweza kuapa. Mkurugenzi akakohoa, na kikao kikawa kimekubali.

Walipobaki wawili, Kaimu akajikaza. Akasema kuna jambo ambalo Mkurugenzi anapaswa kulijua: mzabuni yule ni mkwewe, mama mzazi wa mke wake.

Alitegemea ngurumo. Mkurugenzi akamtazama kwa huruma, kama mwalimu anavyomtazama mtoto aliyefika shule siku ya mapumziko.

"Mpaka Jumapili, sheria haikuulizi," akasema. "Kuanzia Jumatatu itakuuliza. Unadhani tunakimbilia nini?"

Kisha akavuta droo, ile yenye ufunguo, akatoa karatasi, akaigeuza juu ya meza ili Kaimu aisome bila kupinda shingo. Ilikuwa ni barua ya kumthibitisha kazini. Imechapwa, ina nembo, jina lake la kuzaliwa limeandikwa lote bila kukosewa. Ilikosa sahihi tu.

Mkurugenzi akaweka kalamu juu ya barua, hakuandika. Akasema anachohitaji kutoka kwa Kaimu ni karatasi moja pia: pendekezo la kitengo cha ununuzi kwamba boti inahitajika kwa dharura, lenye bei mpya, lililotiwa sahihi kabla ya ofisi kufungwa. Sahihi kwa sahihi. Akamtakia kazi njema.

Kaimu alitoka hajui kama anatembea au anabebwa. Simu ikaita. Alikuwa mkewe, na habari zilikuwa zimeshafika nyumbani kwa njia ambayo habari hufika. Mkewe aliongea bila kupumua. Alisema ameambiwa mama yake amesimamishwa juani kama mwizi, na kwamba Kaimu asithubutu kumfukuza mama. Kisha akasema ameambiwa pia kuna barua imeonekana kwenye meza ya bosi, na kwamba Kaimu asithubutu kurudi nyumbani bila hiyo barua. Akakata.

Kaimu akaiangalia simu. Kumbe mtu anaweza kufungwa kamba na watu wanaompenda.

Uwanjani, Mama Mkwe hakuwa amesimama tena. Alikuwa amepanda ndani ya boti, iliyokwisha kushushwa kwenye lori, amefungua mwavuli, amekaa kwenye kiti cha nahodha. Mlinzi alimwambia Kaimu kuwa amemsihi yule mama ashuke, naye akajibiwa kuwa boti bado ni mali ya aliyekaa ndani yake.

Ngazi ya zimamoto ilikuwa imeegemezwa ubavuni. Kaimu akapanda. Watumishi wakajaa madirishani, kila idara na dirisha lake. Akaketi kwenye ubao wa nyuma, mbali kadiri heshima ilivyotaka na boti ilivyoruhusu.

Mama Mkwe ndiye aliyeanza.

"Amekuja hapa dereva wa bosi wako. Ameniambia niandike upya karatasi ya bei. Amenitajia na bei yenyewe."

"Ukamwambiaje, mama?"

"Nikamwambia bei yangu ninaijua. Akaniambia mama, hiyo tofauti tutagawana. Nikamuuliza, jina litakalokaa juu ya hiyo karatasi ni la nani. Akasema ni lako mama. Nikamuuliza na la bosi liko wapi. Akaanza kufuta kioo cha gari."

Akageuza mwavuli kidogo, jua lisimpige Kaimu.

"Sasa wewe niambie," akasema. "Hapa hakuna mto. Nilipoliona tangazo nikasema, serikali ina mambo yake, labda wanachimba bwawa. Ya wakubwa siyaingilii. Mnaichukua boti kwa bei yangu, au hamuichukui?"

Hapo Kaimu alikuwa na njia ya kuteleza. Angeweza kusema tunaichukua, subiri kidogo. Angeweza kusema mambo yanashughulikiwa, maneno ambayo yamewafikisha wengi kustaafu. Lakini ulimi wake, kwa sababu asizozijua hadi leo, ukakataa.

Akamweleza yote. Kwamba tangazo lilikuwa zoezi. Kwamba hapakuwa na bwawa. Kwamba yeye, mkwewe, ndiye aliyebonyeza pasipostahili, na ile taarifa ya ushindi aliipeleka yeye pia, akicheka.

Chini, mtu alipiga chafya, ikasikika.

"Kwa hiyo mlikuwa mnacheza."

"Tulikuwa tunajifunza, mama."

"Na mmejifunza nini?"

Semina ile ilikuwa na mada nyingi na chakula cha mchana, na hilo swali halikuulizwa.

Mama Mkwe hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga. Alimweleza kwa sauti ya dukani, ya kupima misumari, jinsi mambo yalivyo. Boti aliichukua kwa fundi wa kujenga boti wa mji wa mbali, kwa kuliweka duka lake dhamana. Fundi alisema tangu mwanzo kwamba manispaa ikiikataa ataipokea tena bila kumdai kitu, kwa sharti moja: manispaa iandike kwamba kosa ni la manispaa. Si simu, si salamu, barua. Dereva wa lori anaondoka leo alasiri, na hasubiri mtu. Lori likiondoka tupu, duka halipo.

"Kwenye ile semina ya kina mama ulisema anayekosa ataandikiwa sababu," akamaliza. "Nimekosa. Niandikie sababu. Ya kweli, maana fundi wangu si mjinga."

Kaimu akashuka ngazi kinyumenyume.

Ofisini aliomba mfano wa barua ya kumwandikia mtu aliyekosa. Mwanamama wa masjala akaleta jalada nene. Barua zote zilikuwa na maneno yaleyale: tunasikitika kukujulisha kuwa ombi lako halikufanikiwa, tunakutakia mafanikio katika shughuli zako. Alisema ameichapa barua hiyo kwa miaka yote ya ajira yake mpaka siku moja aliichapa akiwa amesinzia, na hapakuwa na kosa hata moja.

Kaimu akasema anataka kuweka sababu. Habari ikaenea, wenzake wakajazana mlangoni kumsaidia. Mmoja akapendekeza aandike sababu za kiufundi. Mwingine, maslahi mapana ya umma. Wa tatu, sababu zilizo nje ya uwezo wetu. Kaimu akauliza ni sababu gani hiyo iliyo nje ya uwezo wetu, na ikaonekana wazi kuwa amekosa adabu.

Akamfuata Mwanasheria. Akamuuliza, kwa kuwa sheria mpya haijaanza, je, ya zamani inamkataza ofisa kumweleza mtu ukweli?

Mwanasheria alifikiri kwa muda mrefu. Kusema haki, alifikiri kweli, hata pakiti mpya ya karanga aliiweka kando.

"Haimlazimishi," akasema. "Wala haimkatazi. Ila sijui mtu aliyewahi kujaribu."

Kaimu akarudi mezani, akafunga mlango. Upande wa kushoto aliweka pendekezo la dharura, lilikuwa limeshachapwa na ofisi ya Mkurugenzi, limeachwa nafasi ya sahihi yake. Upande wa kulia aliweka karatasi tupu. Akaitazama ile ya kushoto. Ilikuwa nzuri. Ilizungumzia mabadiliko ya hali ya hewa.

Kisha akachukua ile ya kulia, akaandika kwa mkono wake, maana masjala walikuwa wameanza kuogopa kuchapa:

"Ndugu Mzabuni. Kwanza, wewe hukukosea. Boti yako inalingana na tangazo, na bei yake ilikuwa ya haki. Haikununuliwa kwa sababu manispaa haikuihitaji na haina maji ya kuiweka. Tangazo ulilolisoma lilikuwa zoezi la watumishi, likatoka nje kwa kosa langu mimi ninayeandika. Taarifa ya ushindi uliyopokea ni kosa hilohilo. Natamka pia kwamba mimi ni mume wa binti yako. Fundi aliyeijenga boti anaombwa aipokee, kwani aliyekosea ni manispaa. Nakala ya barua hii inakwenda kwa mamlaka inayosimamia ununuzi."

Akaisoma. Ilikuwa barua fupi kuliko zote alizowahi kuandika akiwa kazini, na ndiyo ya kwanza ambayo angeielewa kama angeipokea yeye.

Simu ya mezani ikalia. Alikuwa Mkurugenzi, na sauti yake haikuwa na chai tena. Kwenye jengo lile siri haihitaji ngazi.

"Kaimu, nina barua mbili hapa mbele yangu. Moja inakuthibitisha. Nyingine inakuvua hata huo ukaimu, na ukivuliwa, chochote ulichoandika leo kimeandikwa na mpita njia. Zote mbili nimeziweka tarehe ya jana. Nitie sahihi ipi?"

Kaimu aliangalia dirishani. Kilemba cha kijani kilikuwa palepale chini ya mwavuli, hakitikisiki. Dereva wa lori alikuwa ameanza kukaza kamba za turubai lake tupu.

Alimfikiria mkewe. Akawafikiria watoto, ambao shuleni huandika kazi ya baba kuwa ni Kaimu.

"Tia unayoitaka, bosi," akasema. "Yangu ina tarehe ya leo."

Akaweka simu chini polepole, kama mtu anayeweka yai.

Akatia sahihi. Akagonga mhuri kwenye barua, akagonga na kwenye nakala. Akaikunja barua, akaitia kwenye bahasha ya kaki, akapaka gundi, akaikandamiza kwa ngumi mpaka ikashika. Juu yake akaandika: Kampuni ya Mvumilivu, ndani ya boti, uwanja wa manispaa.

Akamwita tarishi. Tarishi alikuwa mtu mzima mwenye mkoba wa ngozi na miguu isiyojua haraka. Aliisoma anwani mara mbili, akatazama dirishani kuhakikisha kuwa anwani ipo. Kaimu akamuomba akimaliza hapo aipeleke nakala posta.

"Unajua ikishaingia kwenye huu mkoba si yako tena," akasema tarishi.

"Najua, mzee wangu."

"Haya."

Mkoba ukafungwa. Tarishi akatoka, akashuka, na Kaimu akasimama dirishani kumtazama akikata uwanja kwa mwendo wake uleule wa siku zote, jua kichwani, mkoba kwapani.

Na hapo ndipo Kaimu alipoona kitu kilichomfanya ashike fremu ya dirisha. Kutoka mlango mkubwa, akitabasamu, koti limefungwa vifungo vyote, alikuwa ametokea Mkurugenzi mwenyewe. Mkononi alikuwa na bahasha yake, nene mara tatu ya ile ya tarishi, naye alikuwa anaelekea kulekule.

Walifika kwenye ngazi ya boti pamoja. Mkurugenzi akainua bahasha yake juu. Tarishi akafungua mkoba, akainua ya kwake.

Mama Mkwe akafunga mwavuli, akainama, akanyoosha mkono mmoja.